Mchicha wa Msimbazi: tatizo haliko kwenye tuta

Kabeji za Lushoto, nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na viazi vya Njombe hufika Kariakoo kwa malori, usiku wa manane, baada ya safari ya mamia ya kilomita. Mchicha hauwezi safari hiyo. Ukikatwa jioni na kulala kwenye gunia, asubuhi umenyauka na mteja anaupita bila kuuliza bei. Ndiyo maana mboga za majani zinazoliwa Dar es Salaam hulimwa Dar es Salaam. Utafiti wa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mboga za majani katika masoko ya jiji zilitoka kwenye viwanja vya wazi na bustani za nyumbani, ndani na pembezoni mwa jiji lenyewe.

Tangu wakati huo jiji limefurika watu. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na viwanja vingi vya wazi vimeota maghorofa. Ardhi iliyobaki kwa mkulima wa mchicha, matembele, chainizi na figiri ni ile ambayo wengi hawathubutu kuijenga: mabonde ya mito. Mojawapo kubwa ni Bonde la Msimbazi, linalopita Jangwani, mwendo mfupi wa miguu kutoka Soko Kuu la Kariakoo. Akina mama wachuuzi huteremka bondeni, hununua tuta zima lingali limesimama, hung'oa, hufunga mafungu, na kabla jua halijawa kali mboga iko kwenye beseni mitaani.

Bonde hilo ni shamba, na shamba hilo limechafuliwa. Hayo yanajulikana na yamesemwa mara nyingi. Kisichosemwa vya kutosha ni nani wa kuulizwa. Kwa muda mrefu lawama imemwangukia mkulima mwenye keni ya kumwagilia, mtu wa mwisho kabisa kuguswa na maji yale kabla hayajafika baharini. Uchafu hakuuzalisha yeye. Ameupokea. Tukitaka mboga salama, lazima tuanzie juu ya mto, kwenye bomba linalotiririsha, na tuteremke taratibu mpaka kwenye tuta lake.

Mto unaopokea kila kitu

Msimbazi huanzia kwenye vilima vyenye misitu vya Pugu, upande wa Kisarawe, na husafiri takriban kilomita 35 hadi kumwaga maji Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Njiani hupita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na hupokea maji ya mito midogo kama Sinza, Ubungo na Luhanga. Katika safari hiyo fupi, mto unaochimbuka msituni unafika mjini ukiwa umebeba mabaki ya karibu kila shughuli ya jiji.

Kuna maji ya viwandani. Viwanda vya nguo, rangi, sabuni na vyuma vilijengwa kandokando ya mto na vijito vyake tangu miongo ya kwanza ya Uhuru, wakati kuwa karibu na mto kulihesabiwa kuwa faida. Kuna mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, ambako magari ya kunyonya vyoo humwaga mzigo wake na maji yanayobaki huishia mtoni. Kuna machinjio ya Vingunguti, ambayo kwa miaka mingi yalitoa damu na kinyesi cha ng'ombe kuelekea bondeni kabla Serikali haijaanza kujenga machinjio ya kisasa mwaka 2019. Kuna gereji zinazomwaga oili chafu, na mafundi wanaopasua betri chakavu ili kupata risasi iliyomo. Na kila masika kuna kutapisha vyoo: mwenye nyumba asiye na fedha za gari la majitaka husubiri mvua kubwa, hutoboa shimo la choo, na mafuriko hubeba yaliyomo.

Historia ya taka ngumu nayo inafundisha. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilipeleka jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo lililokuwa mlangoni mwao. Walishinda. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira alikataa, akisimamia haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Ilikuwa moja ya hukumu kubwa za mazingira katika nchi yetu. Lakini taka zikahamia wapi? Zikaenda Vingunguti, ukingoni mwa bonde lile lile, zikakaa huko kwa takriban miaka kumi kabla ya dampo hilo nalo kufungwa. Wakazi wa Tabata walipata nafuu waliyostahili, na mto ukabaki pale pale ulipokuwa.

Kariakoo yenyewe haina mikono safi. Sehemu ya maji ya mvua ya mitaa yake huteremka Jangwani yakiwa na mafuta, chupa za plastiki, majani ya kabeji yaliyooza na kila kilichotupwa kwenye mtaro mchana kutwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ilipunguza kitu kimoja katika mzigo huo, na mabadiliko yake yalionekana kwa macho. Vilivyobaki bado vinateremka.

Kilichoingia ndani ya jani

Mlaji anapaswa kuelewa kwamba hatari za mchicha wa bondeni ni za aina mbili, na kinga zake hazifanani.

Ya kwanza ni vijidudu: bakteria wa kinyesi, mayai ya minyoo, vimelea vya kipindupindu wakati wa mlipuko. Hivi hukaa juu ya jani na kwenye udongo ulioganda shinani. Maji safi yanayotiririka huviondoa kwa sehemu kubwa, na moto wa jikoni huviua. Mpishi wa mchicha wa nazi aliyeosha vizuri na kupika vizuri amejikinga. Mwenye shida ni mla saladi, anayekula jani bichi.

Hatari ya pili ni metali nzito, hasa risasi na kadimi. Hizi mmea huzinyonya kwa mizizi pamoja na chakula chake na kuzihifadhi ndani ya jani. Kuosha kutaondoa vumbi lenye risasi lililotua juu, lakini hakufiki kilichomo ndani, na hakuna moto wa jikoni unaoweza kuteketeza metali. Mboga za majani ndizo huathirika zaidi, kwa sababu tunakula sehemu ile ile ya mmea inayokusanya. Bamia, nyanya na mahindi kwa kawaida huhifadhi kiasi kidogo zaidi kwenye tunda au punje.

Hili si jambo la kukisia. Mwaka 1999 T. E. Bahemuka na E. B. Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha katika jarida la kimataifa la Food Chemistry matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walikuta risasi na kadimi kwa viwango vya kutia wasiwasi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi walichapisha uchunguzi wa udongo na maji ya mashamba ya jijini, nao wakaeleza uchafuzi wa metali nzito. Kwa zaidi ya robo karne wanasayansi wetu wenyewe, kwa maabara zetu wenyewe, wametuambia mara kwa mara hali ilivyo.

Viwango vya kimataifa vya Codex, vinavyosimamiwa na FAO na WHO, vinaruhusu miligramu 0.3 tu za risasi katika kilo moja ya mboga za majani, na miligramu 0.2 za kadimi. Viwango ni vidogo kwa sababu mwili hauna njia rahisi ya kujisafisha. Kadimi hukaa kwenye figo kwa miongo, na nusu yake huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtu hatalala kitandani kesho kwa kula mchicha wa leo. Madhara hujengeka polepole, kwa mlo wa kila siku wa familia isiyo na uwezo wa kubadilisha mboga.

Wajapani walijifunza hili kwa uchungu. Katika mkoa wa Toyama, maji ya Mto Jinzu yaliyobeba kadimi kutoka mgodini yalimwagiliwa mashamba ya mpunga kwa miongo kadhaa. Wakulima, wengi wao wanawake waliozaa watoto wengi, walipata maradhi ya figo na mifupa iliyovunjika kwa kugeuka tu kitandani. Serikali ya Japani iliyatambua rasmi maradhi hayo kuwa matokeo ya uchafuzi mwaka 1968. Kazi ya kuondoa na kubadilisha udongo wa mashamba yale ilichukua zaidi ya miaka 30 na kukamilika mwaka 2012. Maji yakimwagika hayazoleki, na kadimi ikishaingia kwenye udongo inazoleka kwa koleo, tinga na fedha ambazo hatuna.

Msimbazi haujafika huko. Matuta yote hayafanani: liko linalomwagiliwa kwa kisima kilicho mbali na mto, na liko linalochotewa maji chini ya mdomo wa bomba. Mchicha wenyewe ni chakula bora, una chuma na vitamini, na kwa familia nyingi ndio mboga pekee inayowezekana siku saba za wiki. Kuwaambia watu waache kuula ni kuwapokonya lishe bila kuwapa mbadala. Wajibu wetu ni kuufanya uwe salama.

Amri za kuhama na kung'oa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nia yake ni njema: kingo zisimomonyoke, maji yalindwe. Lakini inapogeuzwa kuwa panga la kufyekea mchicha tu, haki inapinda. Mwenye bustani yuko ndani ya mita 60 na anaonekana kwa macho. Mwenye bomba anaweza kuwa kilomita moja kutoka mtoni, nyuma ya ukuta mrefu, na mtaro wake ukapita chini ya ardhi.

Anayeishi kwa hofu ya kufukuzwa hawekezi. Hachimbi kisima, hanunui mipira ya matone, hapandi zao la miezi mitatu. Anapanda mchicha, unaoiva ndani ya wiki tatu au nne, na kuchota maji yaliyo karibu. Kwa hiyo amri isiyoambatana na mbadala humsukuma mkulima kuelekea kilimo kile kile tunachokilalamikia.

Mafuriko nayo yameonyesha gharama ya kulisahau bonde. Yale ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na mamia ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania zikachangia. Mradi unahusisha daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa mita 390, kupanua njia ya mto, kuhamisha wakazi walio hatarini kwa fidia, na kugeuza sehemu ya bonde la chini kuwa eneo la wazi la jiji. Hii ndiyo nafasi kubwa kuliko zote tuliyoipata. Itapotea ikiwa tutajenga daraja zuri juu ya maji machafu, na ikiwa michoro ya bustani ya mapumziko haitaacha hata robo ya ekari kwa wanaolilisha jiji.

Viuatilifu vya shambani, duka la mjini

Kariakoo inahusika na uchafuzi wa mashamba kwa njia nyingine pia. Soko hili linapokea mazao na vilevile linatoa pembejeo: mbegu, mabomba ya kupulizia na viuatilifu vinavyosafiri mpaka Mgeta na Lushoto. Mkulima wa nyanya anayepuliza leo na kuchuma kesho hutuletea sumu aliyoinunua mitaani kwetu. Kila kiuatilifu halali huwa na idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Maelezo hayo yakiandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha asiyoielewa, au dawa ikipimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, mkulima hana namna ya kujua.

Na sumu ikiachwa haiondoki yenyewe. Mwaka 1986 shamba la Serikali la Vikuge, Kibaha, lilipokea kama msaada kutoka Ugiriki shehena ya viuatilifu, sehemu yake ikiwa imeshapita muda wa matumizi. Ghala lilibomoka na sumu ikaingia ardhini. Mwaka 2004, baada ya shehena kuondolewa, watafiti waliandika katika jarida la Ambio kwamba uchafuzi wa DDT pale bado ulikuwa mkubwa. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imetupatia mamlaka mahususi, TPHPA, yenye jukumu la kusajili na kukagua viuatilifu. Ukaguzi huo uanze kwenye maduka ya Kariakoo, kwa sababu ukilisafisha duka moja la jumla umeyalinda mashamba ya wilaya nzima.

Tuanzie wapi

La kwanza ni mabomba. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu na baraza la mazingira, NEMC, wana uwezo wa kisheria wa kutoa vibali vya kutiririsha majitaka na kuvifuta. Wananchi wapewe orodha: ni mabomba mangapi yanaingia Msimbazi, ya nani, yana kibali au hayana, na yalipimwa lini. Matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa za Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kwa Kiswahili. Kiwanda kinachosafisha maji yake kipewe sifa, kisichosafisha kijulikane.

Anayedhani hili haliwezekani akumbuke petroli. Kwa miongo kadhaa magari yetu yalipulizia risasi kila bustani iliyo kando ya barabara. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imetoweka. Hakuna mkulima aliyeambiwa ahamishe tuta wala dereva aliyeambiwa aegeshe gari. Chanzo kilifungwa, na hewa ya nchi nzima ikanufaika kwa pamoja.

La pili ni majitaka ya majumbani. Ni sehemu ndogo tu ya nyumba za jiji iliyounganishwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo faini peke yake haitakomesha kutapisha vyoo. Huduma ya kunyonya vyoo iwe ya bei ambayo mpangaji wa Kigogo anaimudu, kwa magari madogo yanayopenya vichochoroni, na mabwawa ya Vingunguti yahudumiwe ili kinachotoka kiwe kimesafishwa kweli. Singapore iliusafisha mto wake kati ya 1977 na 1987 kwa njia hiyo: ilijenga mifereji ya majitaka na kuwapa wachuuzi masoko mapya yenye maji na vyoo kabla ya kuwaondoa kando ya mto.

La tatu ni mkulima. Atambuliwe, aandikishwe, na udongo wa kila eneo upimwe. Penye udongo salama, apewe mkataba wa muda unaoeleweka na chanzo cha maji kilichopimwa, kiwe kisima au bomba la DAWASA. Penye shaka, alime bamia au mahindi badala ya majani. Palipoharibika kabisa, apande maua na miche ya miti, biashara ambayo tayari inalisha familia nyingi kando ya barabara za jiji. Dhidi ya vijidudu, mwongozo wa WHO wa mwaka 2006 na majaribio yaliyofanyika Kumasi na Accra yanaonyesha njia za bei nafuu: kuacha maji yatulie kwenye kidimbwi ili mayai ya minyoo yazame, kumwagilia shinani badala ya juu ya majani, na kusimamisha umwagiliaji siku chache kabla ya kuvuna.

La nne ni soko. Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975 liliungua Julai 10, 2021, na Serikali ikatenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya. Soko la thamani hiyo linastahili chumba kimoja cha kupimia chakula. Sampuli chache za mboga na nyanya kila wiki, zikipimwa kwa kushirikiana na shirika la viwango, TBS, na vyuo vikuu vyetu na matokeo yakatangazwa, zitamwezesha mchuuzi kuuliza mboga inatoka wapi na zitampa bei nzuri mkulima anayelima vizuri.

La tano ni taka zenyewe za soko. Majani, maganda na matunda yaliyooza ni mbolea tunayoilipia usafiri kwenda kuozea dampo la Pugu. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Dar es Salaam na jiji la Hamburg, kimeonyesha kwamba taka za sokoni zinageuka mboji. Katika Kata ya Bonyokwa, kwa msaada wa shirika la Nipe Fagio, wakusanya taka wameunda ushirika na kuzitenganisha taka tangu mlangoni. Kariakoo inaweza kuiga yote mawili, na mboji ikarudi kwenye udongo wa wakulima wanaolisha soko hilo hilo.

Sisi walaji tuna sehemu yetu. Tuoshe mboga kwa maji mengi yanayotiririka, tupike vizuri, tubadilishe aina za mboga na mahali tunaponunua, na tusitupe kitu kwenye mtaro. Lakini tusikubali kuambiwa kwamba usalama wa chakula unaishia kwenye sinki la jikoni, kwa sababu risasi haioshwi.

Masika ijayo mto utafurika tena na kulaza tope jipya juu ya matuta. Kilichomo ndani ya tope hilo kitaamuliwa na kazi tutakayofanya kuanzia sasa: bomba litakalofungwa, choo kitakachonyonywa kwa wakati, dampo la kando ya mto litakalozolewa. Orodha ya mabomba ni kazi ya wiki chache kwa mamlaka zilizopo, na haihitaji mkopo. Itolewe kabla ya mvua, ili kila mla mchicha ajue anamdai nani.